Hongera ya Daktari

Wiki iliyopita, kwenye kituo kimoja cha afya huku Hanang, nilikaa benchi moja na bibi kutoka kijiji cha Gendabi. Alimleta mjukuu wake wa miaka tisa, anakohoa. Binti alikuwa mnene kiasi kwamba kupanda tu kwenye mzani pale barazani kulimtoa jasho.

Daktari, kijana mdogo, alitoka chumbani mwake, akaanza kwa kumwamkia bibi shikamoo. Akasoma mzani, akausoma tena, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo.

Bibi akamwahi. "Umeona, mwanangu? Huyu namlea mwenyewe. Kwangu maziwa hayakatiki, na soda hakosi."

Daktari akatazama chini. "Hongera, bibi." Uzito ule akautumia kukadiria dawa ya kikohozi, basi.

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Mzee, mtu niliyempa shikamoo, nitamwambiaje kwamba anamlisha mtoto vibaya?"

Nilitaka kumkaripia. Miaka yote ile ya shule imeishia kwenye dawa ya kikohozi? Lakini mapema, kabla daktari hajatoka chumbani kuja kwenye mzani, bibi alikuwa ameniuliza mimi kama mjukuu wake hajapendeza. Nami, ninayewafundisha watu kila wiki kwenye safu hii, nilimjibu kwamba amependeza sana.