Siku Tatu Zinatosha

Rhoda Vandiver hakuwa mtu wa kupendeka upesi, na mwenyewe hakuona kwa nini ajisumbue kuwa hivyo. Kwa miaka mingi aliendesha basi la shule mjini Vincennes, Indiana, na kazi hiyo ilimfundisha kunyamazisha basi zima la watoto kwa kuwatupia jicho tu kwenye kioo kilichoning'inia juu ya usukani. Watoto walimwogopa. Walimu walimsifia kwa mbali. Majirani walimsalimia wakiwa wameshampita, ili asipate nafasi ya kuwajibu.

Aliachika wakati binti yake wa pekee, Tessa, alipokuwa mtoto wa miaka minane, na hakuolewa tena. Aliishi peke yake karibu na mto Wabash, akila chakula cha jioni jua bado liko juu na kuzima taa ya barazani mapema asije akabishiwa hodi. Si kwamba hakuwa na mapenzi. Tessa alipoolewa na kijana mmoja mpole aitwaye Grant Ostermann, na wakampata binti, Junie, Rhoda alikuwa tayari kumfia yule mjukuu. Tatizo ni kwamba mjukuu alikuwa na bibi wa pili.

Bibi huyo ni Claudette, mama yake Grant, mjane wa daktari wa meno. Alikuwa na nyumba kubwa upande wa pili wa mji, nywele zisizopeperuka hata kwa upepo wa Machi, na tabia ya kumshika mtu bega anapomwambia neno la kumkera. Wale wawili walichukiana tangu siku ya harusi, pale Claudette alipomuuliza Rhoda kama gauni lile alilovaa ni la kuazima.

Januari moja, theluji ikiwa imefika magotini, Claudette aliwaita wote kwake kwa chakula cha Jumapili. Walipomaliza nyama na viazi aliwasha televisheni ukutani, akaweka picha kubwa ya zile bustani za burudani za Florida, na kutangaza kwamba shule zikifungwa mwezi wa sita familia nzima itakwenda. Junie alishatimiza miaka saba, umri wenyewe huo. Nyumba ya kukodi yenye bwawa alishaipata, huko Kissimmee.

"Siku nane," alisema. "Bustani kubwa sita, na mbili za maji. Kila moja na siku yake. Na hapo bado tutakuwa tumekimbizana."

"Tatu," Rhoda akasema.

"Tatu nini?"

"Siku tatu zinatosha. Ya kwanza mtoto anashangaa, ya pili anafurahi, ya tatu anaaga. Ikifika ya nne analia, na wazazi wake wanaanza kutazamana kama mbwa na paka."

Claudette akacheka, akamwekea mkono begani. "Bi Rhoda, hatuendi Florida kugeuza basi na kurudi."

Grant naye akacheka. Rhoda alikisikia kicheko kile na kukiweka moyoni.

"Kwani wewe umeshafika huko?" Claudette akauliza.

"Nimefika."

"Lini? Enzi zile za bembea mbili na bata mmoja?"

"Zilikuwa zinatosha kumtoa mtu roho."

Hapo Tessa akaingilia, akiwa na uso wa kuomba amani. "Mama, tulikaa wiki nzima, wewe na mimi na Baba. Hukumbuki? Ile wiki ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata utotoni. Nataka Junie aonje hiyo hiyo."

Rhoda alishusha macho mezani. Alibandua karatasi ya chupa yake ya soda kidogokidogo mpaka ikabaki tupu.

Aliikumbuka vizuri ile wiki. Siku ya nne, kwenye foleni ya mashua zinazopita ndani ya pango, mumewe Dale alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba ana mwanamke mjini Evansville na kwamba wakirudi nyumbani hatashusha mizigo yake. Tessa alikuwa hatua mbili mbele yao, akiruka mguu mmoja mmoja kwenye vigae. Tiketi zilikuwa zimeshalipiwa mpaka mwisho wa wiki. Basi Rhoda akaingia kwenye mashua, akatabasamu, na akaendelea kutabasamu siku zote zilizobaki, mtoto asije akajua. Hakuwahi kumwambia mtu. Tangu hapo, kila aliposikia watu wakipanga siku za kukaa kwenye bustani zile, alihesabu kimoyomoyo mpaka ya nne.

Lakini hilo hakulisema. Alilosema, kwa miezi mitano mfululizo, ni maneno ya kuchoma. Alimwambia Tessa kwamba Claudette anataka siku nane kwa sababu hana marafiki wa kukaa nao nyumbani. Alimwambia Grant kwamba mwanamume asiyeweza kumkatalia mama yake hawezi kumlinda mkewe na nzi. Junie alimwambia tu, "Utachoka, utaona," mpaka mtoto akaanza kuuliza kama huko kuna vitanda.

Claudette naye hakulala. Alishonesha fulana za safari kwa wote, rangi ya chungwa, kila moja na maandishi kifuani. Yake iliandikwa "Bibi Namba Moja". Ya Rhoda ilifika kwa posta imeandikwa "Bibi Mwingine". Rhoda aliifutia mafuta ya injini na kuirudisha kwa posta ileile.

"Mnanitia aibu, wote wawili," Tessa alimwambia kwenye simu.

"Mwambie aliyeanza."

"Mama, unataka kuja au hutaki?"

"Nitakuja. Mtu wa kusema ukweli lazima awepo."

Akaenda. Na siku tatu za kwanza, hata yeye hakupata la kulaumu. Junie alipiga mayowe kwenye kigari cha reli kinachoporomoka, akashuka anatetemeka, akataka kurudi tena. Alikula paja la bata mzinga kubwa kuliko mkono wake. Jioni walijitosa kwenye bwawa, Rhoda amekaa ukingoni miguu majini, na mara moja Claudette alimpitishia glasi ya chai baridi bila kusema neno la kuudhi. Rhoda aliipokea, akashuku, akainywa.

Siku ya nne Claudette aliwaamsha kabla ya kupambazuka, maana bustani ya siku hiyo ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote na alitaka wawe wa kwanza getini. Ilikuwa ni bustani ileile ya Dale. Walikuta watu wameshajaa. Joto lilipanda kabla ya saa tatu, lile joto la Florida la kumvalisha mtu blanketi lililoloa. Foleni ya kwanza iliwala muda wa saa mbili, na walipofika mbele mashine ikaharibika, wakarudishwa. Junie alikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Mchana Tessa na Grant walianza kujibizana: nani alisahau mafuta ya jua, nani alisema wachukue kigari cha mtoto na nani alikataa.

Rhoda alitembea nyuma yao kimya. Roho ilikuwa inamsuuzika, na hakujaribu kuizuia.

Mbingu ikapasuka, kama inavyopasuka huko kila alasiri. Walikimbilia chini ya paa la kibanda cha soseji pamoja na watu wengine wa kujaa kanisa. Junie hakukimbia. Aliketi chini kwenye sakafu ya saruji, mvua inampiga, akasema hatembei tena. Grant akaenda kumbeba. Mtoto akampiga teke.

"Leo ni siku ya ngapi?" Rhoda akauliza.

Grant alimwinamia mtoto tena.

"Nauliza tu. Ni ya ngapi?"

"Anafurahi," Claudette akasema. Nywele zake zilikuwa zimeshikana na paji la uso, na safari hii hakumshika mtu bega. "Mtazameni jamani. Mjukuu wake analia kwenye maji, na yeye anafurahi. Wewe mwanamke una nini moyoni?"

"Nina masikio. Niliwaambia Januari."

"Uliloga safari, hukuonya. Tangu Januari unamtia mtoto uchovu kabla hajachoka."

"Na wewe unamburuta kama mkoba, ili ukawaonyeshe picha wanawake wenzako wa kanisani."

"Basi," Tessa akasema. Alikuwa amempakata Junie sasa, wote wawili wanachuruzika. "Basi, Mama. Kwa nini huwezi kufurahi na sisi hata mara moja? Zamani uliweza. Wiki ile ulikuwa unacheka kila siku. Wewe na Baba mlikuwa mnacheka. Mimi nilikuwepo."

Rhoda angeweza kunyamaza. Alishanyamaza miaka karibu thelathini, na siku moja zaidi isingemuua. Lakini Claudette alikuwa anamtazama akingoja, na Grant alikuwa amegeuza uso pembeni, na kila aliyekuwa chini ya paa lile alimwona yeye ndiye mchawi.

"Baba yako alikuwa anacheka kwa sababu alikuwa ameshaniaga," akasema. "Palepale, kwenye foleni ya mashua, siku ya nne. Aliniambia ana mwanamke Evansville. Mimi nilikuwa nacheka ili wewe usilie. Hiyo ndiyo wiki yako nzuri."

Mvua ilikuwa inapiga paa la bati, na muuza soseji aliendelea kuita namba za oda. Tessa hakulia. Alimtazama mama yake kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyewahi kumjua.

"Rhoda," Claudette akasema chini chini, "funga mdomo."

"Kwa nini unaniambia leo?" Tessa akauliza.

"Kwa sababu mnaniona mimi mbaya."

"Nilikuwa na wiki moja tu, Mama. Kabla ya hapo mlikuwa mnagombana, baada ya hapo sikuwa na baba. Nilikuwa na hiyo moja tu."

Rhoda alifungua mdomo aseme kwamba yeye ndiye aliyempa hiyo wiki, kwamba aliilipia kwa tabasamu lake mwenyewe. Badala yake aligeukia kibanda. Akanunua soseji ambayo hakuna aliyeila.

Asubuhi iliyofuata alikuta kahawa imeshapikwa na Tessa amesimama jikoni, amevaa tayari. Binti alimwambia kwamba amembadilishia tiketi ya ndege, na kwamba Grant atampeleka uwanjani. Alisema kwa adabu, kama anavyosema na mtu wa benki.

"Unanifukuza."

"Nakuomba uende. Siwezi kuzunguka kule nikiwa na wewe, kila foleni nikiitazama nitakuwaza."

Claudette alikuwa mezani. "Mimi sikumwambia akuondoe," akasema. "Nataka ujue hilo."

"Usinitetee. Utajichosha."

"Sikutetei. Ningekuacha ubaki, ukae hapa bwawani, ujione."

Junie alitoka chumbani na plasta kwenye visigino, akachungulia sanduku mlangoni. "Bibi, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na mimi nataka kwenda nyumbani."

Watu wazima wanne wakasikia. Rhoda akainama kumbusu, akakuta mtoto ananuka klorini ya bwawa na usingizi. Akaondoka. Njia nzima Grant hakuwasha redio.

Baadaye alisikia kwamba walikaa siku zote nane. Siku ya tano walimwacha Junie alale, ya sita wakarudi bustanini, na mtoto aliporudi shule alisimulia safari ile kama ndoto: vigari, paja la bata mzinga, radi. Wala hakutaja kulia. Rhoda aliambiwa na mwalimu mmoja kwenye kituo cha mafuta, akajibu kwamba watoto ni waongo.

Tessa alikuja mara moja, mwezi wa kumi, majani yakiwa yamejaa uwanjani. Hakuketi. Alisimama kando ya friji na koti lake mwilini.

"Siku zile zilizobaki," akasema, "baada ya Baba kukuambia. Ulizimalizaje?"

"Nilikushika mkono. Kila ulipotaka kwenda nilikwenda."

"Ungeniambia nilipokuwa mkubwa. Ungeniambia vizuri, tumekaa."

"Ndiyo."

"Na Junie ulikuwa unamwambia atachoka."

"Alichoka."

Tessa akatikisa kichwa, karibu acheke. "Huwezi kuacha. Hata sasa huwezi." Akafunga koti, akatoka. Rhoda alimtazama kupitia dirishani akikwangua majani kwenye kioo cha gari kwa mkono. Alijua kwamba angesema "nisamehe" pale, lingeeleweka. Lakini alikuwa anaona bado kwamba siku tatu zingetosha, na hakujua namna ya kuomba radhi bila kulikana hilo.

Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, ilifanyika kwa Claudette. Rhoda hakualikwa. Alijichomea kuku nusu.

Baada ya mwaka mpya simu ililia, na alikuwa Claudette mwenyewe.

"Tunarudi Florida mwezi wa sita," akasema. "Siku kumi. Nilitaka ulisikie kwangu, usiokote kwa watu."

"Kumi? Mtauana."

"Labda. Tutapumzika siku mbili katikati. Tessa ndiye aliyetaka hivyo."

Rhoda alihamishia simu sikio la pili. Lile pumziko la katikati halikuwa wazo baya, na hilo lilimuudhi zaidi ya zile siku kumi.

"Na mimi?" akauliza hatimaye.

"Nilimuuliza," Claudette akasema. "Usidhani ni kwa ajili yako. Mtoto anakutaja. Tessa amesema bado."

"Amesema bado, au amesema hapana?"

"Amesema bado. Mimi ningesema hapana."

"Najua," Rhoda akasema, akakata simu.