Mkate wa Shangazi Keziah

Marubani waliovuka bahari walipigwa picha magazetini. Shangazi Keziah Yetman hakupigwa hata moja, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo. Uwanja wetu wa ndege hapa Newfoundland tuliusafisha kwa mikono, jiwe kwa jiwe, naye alikuwepo, sketi ameikunja kiunoni, akitukemea wanaume tuliokaa kupumzika. Kisha wakaja marubani kungoja upepo mzuri wa kuwapeleka Ireland, na wengi waliungojea jikoni kwake, kwa chai na samaki wa chumvi.

Kila aliyeondoka, Shangazi alimtia kipande cha mkate mfukoni. Kwetu mtu haingii kwenye ukungu bila mkate, vibwengo wasije wakampoteza njia. Mumewe, Eli, aliucheka mkate huo asubuhi moja, akauacha mezani, akaenda kuwinda nyikani. Ukungu ukashuka. Hakurudi, na koti lake la sikukuu likabaki limening'inia nyuma ya mlango, haligusiki.

Kwa hiyo alipokuja Winifred Haddow, binti mwembamba aliyetaka kuvuka peke yake, ugomvi haukuepukika. Winifred aliazima mizani ya dukani akapima kila alichobeba, maana uzito ukizidi, petroli inapungua. Hata nywele alikwisha kuzikata.

"Mkate sichukui, Shangazi," alisema. "Mswaki wenyewe nauacha."

"Basi utafika mdomo unanuka. Mkate chukua."

"Ni uzito!"

"Uzito ni huo ubishi wako, mwanangu."

Nikadakia, "Mwache mtoto wa watu, Shangazi. Vibwengo hawapandi ndege."

"Wewe umewaona wapi? Nyamaza unywe chai!" Halafu sauti yake ikashuka. "Eli nilimwachia aende, nikiogopa kuonekana mjinga. Wewe sikuachii, binti."

Shangazi akachukua mkasi, akakata vifungo vya shaba vya koti la yule binti, kimoja baada ya kingine, akavitia upande mmoja wa mizani na mkate upande wa pili. Vifungo vikazama, mkate ukapanda juu.

"Haya. Nimekupunguzia mzigo."

Binti alicheka mpaka machozi, akautia mkate mfukoni. Asubuhi alipaa, koti amelifunga kwa kamba ya nyavu.

Tukangoja. Shangazi hakukaa kitini. Alisugua jiko lililokwisha kung'aa, akalisugua tena. Hatimaye karani wa posta akaja mbio na simu ya maandishi, akaisoma mlangoni: "Nimefika salama. Ukungu njia nzima. Mkate nimeula. Nitunzie vifungo."

"Kaula!" Shangazi alipiga kelele. "Mkate wa vibwengo, kaula! Watoto gani hawa?"

Kisha akajifunika uso kwa aproni akalia, na mimi mzee wa mizaha nikalia naye.

Siku hiyo hiyo alilishusha koti la Eli, akalikung'uta vumbi, akalishonea vile vifungo. Rubani mwingine alipokuja, Shangazi alikwenda uwanjani amelivaa, mikono ya koti imemmeza vidole.

"Si uliambiwa uvitunze?" nikamchokoza.

"Kwani nafanya nini?" alisema, akaingiza mkono mfukoni mwa Eli, akatoa mkate.