Neno Dogo Mbele ya Mama

Kiingereza changu cha kwanza kilinuka sombe. Papa Bahati, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Kibabi, alitufundisha jikoni kwake jioni huku mkewe akitwanga majani ya muhogo pembeni, na ile harufu ya majani mabichi ilitupanda puani mpaka tukapiga chafya. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Shuleni tulisoma Kifaransa. Kiingereza kilikuwa starehe ya Papa Bahati tu, na sisi watoto tulikifuata kwa sababu mkewe hakuwa mchoyo wa chakula. Maneno kama cow na mother tuliyameza upesi. Kilichotushinda ni vile vijineno viwili vinavyotangulia, a na the. Kwetu ng'ombe ni ng'ombe. Ukimtaja, msikilizaji anajua mwenyewe kama unamsema yule wa jirani au yeyote tu. Wenzangu walitia the kila mahali kama chumvi, kwa Mungu na kwa maharage sawasawa. Papa Bahati alijikuna kichwa. "A, iko moja kati ya mingi," alisema. "The, iko ile yenye tunajua, haina mwenzake. Mukikosea, muzungu atabeba ng'ombe yenye haiko yake." Tulicheka sana.

Nyumbani mwaka huo hakukuwa na kicheko kingi. Mama yangu alifariki akimzaa mdogo wangu Bauma, tukamzika nyuma ya migomba, na mdogo wake, Mama Kanyere, akahamia kwetu kutulea. Sikumpenda. Hakuwa amenikosea chochote, ila alikalia kigoda cha mama na kupikia chungu chake. Nilimwita mama mdogo, na kila nilipomwita nililikazia hilo neno la pili, ajue mipaka yake.

Wakati wa kuvuna maharage Bauma alishikwa na kikohozi kilichomkata pumzi. Gari la misheni lilipita Kibabi likikusanya wagonjwa wa kupeleka hospitali upande wa Walikale, mbele ya Mpofi. Muuguzi aliyekuwamo alikuwa mzungu wa Kiingereza, Kiswahili chake kikitosha kuomba maji. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo mtoto alipandishwa pamoja na mama yake tu, basi. Tena safari iliyotangulia muuguzi huyo alikuwa amechezewa shere: mwanamke mmoja alijidai mama wa mtoto wa jirani, na gari lilipofika Mpofi akateremka na kapu lake la maharage, akaenda zake sokoni. Dereva, ambaye ndiye aliyezoea kutafsiri, alikuwa ameshuka mtoni kuchota maji ya kutia kwenye injini. Watu wakanisukuma mbele, kwa kuwa nilijulikana kwa kelele za Kiingereza. Muuguzi alimtazama Mama Kanyere, kisha akaniuliza taratibu: "Is she the mother, or a mother?" Nilielewa kwamba amekwisha kutuzoea. Alijua kwamba kwetu kila mwanamke ni mama.

"Mama mudogo," nikasema, "anauliza kama weye njo mama wa mutoto."

Alikuwa amemshika Bauma wima kifuani ili apate hewa. "Mwenye alimuzala tulimuzika," akajibu. "Mama mwingine iko wapi? Umwambie vile."

Sikuwa na Kiingereza cha kusema vile. Nilikuwa na vijineno viwili. Nikisema a, Bauma angepanda peke yake, na mtoto wa umri ule, mgonjwa, mikononi mwa wageni, nilijua asingerudi. Nikisema the, aliyelala nyuma ya migomba ningekuwa nimemnyang'anya neno lake. Niliogopa, na nilimchukia yule mzungu kwa kunilazimisha kuchagua. Kisha nikamsikia Bauma akiitafuta pumzi. "She is the mother," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Walirudi mahindi yakitoa mbelewele, Bauma akiwa na mashavu. Papa Bahati aliposikia habari ile alitaka kujua kwa nini sikusema a. Nikamjibu kwamba hakukuwa na mwingine. "Njo ile," akasema, akikubali jibu langu, akaendelea na somo. Neno mdogo lilipotea mdomoni mwangu baadaye, siku gani sikumbuki. Nilimwita mama, naye akaitika.

Sasa pikipiki zinafika Kibabi, na watoto wanajifunza Kiingereza kwenye simu, wanakiporomosha kwa kasi ambayo Papa Bahati asingeiamini. Bauma ana mvi. Baada ya miaka ya kukimbia vita na kurudi, Mama Kanyere tulimzika kando ya dada yake. Juzi nilikwenda na mjukuu wangu kupalilia makaburi yao. Akauliza hapa amelala nani. Ni mama, nikamwambia. Na hapa? Ni mama. Akacheka, akataka kunijaribu: yupi kati yao ni the, na yupi ni a? Nikampa jembe, nikamwambia apalilie pande zote mbili.