Selfu ya Mzee Urban

Mpaka alipotimiza miaka hamsini na minane, Mzee Urban wa Bombambili hakuwahi kumwonea mtu wivu. Si kwamba alikuwa na moyo mweupe. Hapakuwa na cha kuonea. Alikuwa mwashi aliyejifunza kazi kwa mabruda wa monasteri ya Hanga, na nyumba yake ya matofali ya kuchoma, aliyoijenga enzi ambazo simenti ilitoka kwa kibali na mabati kwa kujuana, ndiyo iliyotumika kuelekeza wageni: ukifika kwa Urban, pinda kushoto. Uani kulikuwa na jiko, na nyuma ya jiko choo cha shimo cha matofali yaleyale, kimepigwa lipu mpaka kinang'aa. Bruda mmoja alikikagua akasema kwao kuna watu wanaolala pabaya kuliko pale.

Ikaja miaka ya ruksa. Simenti ikajaa madukani kama chumvi, na Alfani, mnunuzi wa korosho kutoka Tunduru, akanunua kiwanja cha jirani. Kwa miezi minane akasimamisha nyumba yenye nguzo barazani na nondo madirishani. Mafundi aliwatoa Dar es Salaam. Urban hakuitwa hata kukoroga udongo. Alisema haikumuuma, na aliendelea kusema hivyo kila siku, akiwa ameegemea ua, akiwaonyesha wapita njia mahali ambapo nyufa zingetokea. Nyufa hazikutokea. Wageni wakaanza kuelekezwa kwa Alfani, na nyumba ya Urban ikawa ile ya pembeni.

Hayo angeyameza. Lililomkwama ni Leo, kitindamimba wake, mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Leo alikuwa amechumbia Violeth, binti wa mwalimu wa Ruhuwiko, na jioni moja Urban alimkuta ameduwaa uani akiitazama nyumba ya Alfani kwa macho ambayo kwa haki yalikuwa ya Violeth. Wakati wa chakula cha usiku Leo akasema: wakishaoana, watapanga Ruhuwiko.

"Kwa nini, wakati vyumba vipo?" Urban aliuliza.

"Baba, siku hizi watu wanataka selfu."

"Shelfu? Mbao ninazo. Seremala atakuja Jumatatu."

Leo akaeleza kwa upole kwamba selfu si kitu cha kupangia vyombo. Ni choo na bafu, humohumo ndani ya nyumba. Mama yake, Imaculata, akaacha kumega ugali. Urban akataka kujua ni mtu gani mwenye akili zake anayejenga nyumba kisha akaingiza choo ndani yake.

"Kwa Alfani kipo," Leo alisema. Hapo ndipo alipokosea.

Wiki haikupita, Alfani mwenyewe akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee. Nina kazi ndogo. Mama yangu amekuja kutoka Tunduru, na choo cha ndani hataki kukiona. Namwambia, mama, msala uko hapo, mlango wa pili. Ananijibu msala wake ni wa kuswalia, huo mwingine nimtolee nje. Nijengee kama hicho chako. Nakiona kila siku dirishani, nakionea wivu."

Urban alihesabu hiyo kuwa dhihaka. Kazi akaipokea kwa sababu moja tu: kuingia ndani. Siku ya kwanza aliomba kunawa mikono, akajifungia humo na bakuli jeupe, vigae, na tangi lenye mnyororo. Akauvuta. Maji yakanguruma. Akasimama akisubiri tangi lijae, akauvuta tena.

Choo cha Bi Biasha, mama yake Alfani, kilikwisha kwa majuma mawili, na kwa kuwa mkono wa fundi haujui kuchukia, kilitoka kizuri kuliko cha Urban. Juma la tatu akabomoa chake, ajenge selfu ndani. Shimo la maji machafu lilikubali kukaa mahali pale tu, na matofali ya choo cha zamani yakatosha kugawa pembe ya ukumbi. Imaculata alijaribu kuuliza jambo, mara mbili.

"Subiri kiishe," alimwambia.

Imaculata alikuwa mkewe kwa miaka thelathini na mmoja. Alisubiri.

Bakuli lilikuwa jeupe, mnyororo ulikuwa mrefu kuliko wa Alfani, na habari za Ruhuwiko zikafa zenyewe. Leo alioa, Violeth akaletwa kwa vigelegele. Alfajiri iliyofuata Urban alitoka chumbani na taulo begani, akamkuta Imaculata amesimama mbele ya mlango mpya.

"Baba Leo, humu yumo mkamwana."

"Nitangoja atoke."

"Atoke, halafu uende ukakae alipokaa yeye?"

Urban akashusha taulo begani. Kwa Wangoni, baba mkwe hakalii hata kiti alichokalia mkamwana, na sheria hiyo aliijua kabla hajajua kushika mwiko. Watu aliwahi kuwakemea kwayo. Akiingia yeye humo, Violeth atakuwa na sababu halali ya kurudi Ruhuwiko, na Leo nyuma yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema nisubiri kiishe."

Akachukua kopo la maji, akazunguka ua mpaka kwa Alfani.

"Hodi, Bi Biasha."

"Karibu, fundi. Ni chako."

Bi Biasha alikuwa amekosea. Urban aliketi akitazama lipu ambayo aliisugua kwa mkono wake, na kitundu cha hewa alichokipindisha kidogo kuelekea mashariki ili jua liingie asubuhi. Jua likaingia. Mtoto wake yupo nyumbani, mkamwana yupo, tangi linanguruma upande wa pili wa ua. Kila alichokitaka alikuwa nacho. Choo kizuri kuliko vyote Bombambili kilikuwa cha Alfani.