Mhogo Chini ya Mkeka

Sogeeni karibu, na anayetafuna atulie kwanza. Maneno haya si ya kulazia watoto.

Nilipokuwa mtoto, kule Kongo, milimani juu ya Bukavu, vita vilitufukuza tukaishi porini majuma mengi, tukila mizizi. Tuliporudi nyumbani chakula kilikuwapo, ila mikono yangu haikusadiki. Kila mlo niliiba kipande cha mhogo nikakificha chini ya mkeka wangu. Mlango ukigongwa, nilijikojolea.

Shangazi yangu, mwanamke aliyejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, aliukuta ule mhogo umeota ukungu. Kwetu walisema mtoto anayeficha chakula anapolala anawalisha wafu, na siku moja watakuja kuchukua mtu wa nyumba.

"Huyu mutoto iko nalisha bafu!" alipiga kelele uani, majirani wasikie. "Mumunyime chakula siku tatu, bataenda zao."

Koko, bibi yangu, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Njaa njo ilimufundisha kuficha. Sasa we binti yangu unataka kumurudisha kwa ule mwalimu?"

Jioni ile akanipa kopo lenye kifuniko, ndani kipande cha mhogo. "Hii ni yako. Hakuna mutu ataigusa." Kila asubuhi nilifungua, nikaukuta. Ilichukua miezi mingi kabla sijasahau kufungua.

Mwaka jana binti yangu Aline alinifikia hapa Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na mwanawe Neema, wa miaka mitano. Njia ndefu, njaa, bunduki. Wiki ya pili tukakuta nsima, ugali wa huku, chini ya godoro la mtoto. Na kumbe upuuzi wa shangazi ulishavuka mipaka yote bila karatasi! Majirani wakamjaza Aline hofu, akampeleka mtoto kwa nabii mmoja kule Mchesi, Lilongwe. Nikapanda minibasi pamoja nao.

Nabii alikuwa na viatu vya kung'aa na midomo ya kung'aa zaidi, maana alikuwa ametoka kula kuku.

"Siku tatu, bila kula wala kunywa," akasema, akapiga meza kwa kiganja.

Neema akajikojolea.

"Munaona? Pepo inatoka!"

"Iyo ni mikojo, baba," nikamwambia. "Na kufunga, anza we. Mi nitakungojea hapa mlangoni, siku zote tatu."

"Mama, unatetea uchawi?" nabii akauliza.

"Natetea tumbo."

Nikambeba mtoto, nikatoka. Aline alibaki ameketi, nikaogopa kwamba nimempoteza. Tulikuwa tumefika barabarani niliposikia ndala zake zikikimbia nyuma yetu.

Muuguzi wa zahanati ya hapa ananiambia kichwa cha mtoto mdogo hujifunza hatari upesi, na huchelewa kuisahau. Mimi ni mzee, sikusoma, na hadi leo mlango ukigongwa moyo wangu hukimbilia porini. Hilo nalijua. Yule mla kuku halijui, wala hana haja, kwa kuwa ujinga wake unamlisha vizuri.

Koko alipokufa, shangazi alirithi shamba, akaendelea kuwaogopa wafu waliomwachia. Mimi nilirithi kopo, likapotea nilipokimbilia huku. Nikanunua jingine hapa sokoni, nalo sasa ni la Neema. Juzi nililifungua mwenyewe. Nsima ya siku tatu, imechacha, haijaguswa. Alikuwa nje anacheza.

Sijawahi kushukuru hivyo kwa chakula kilichoharibika.