Mkongojo Kwenye Ukuta wa Kanisa

Jamani, mngemwona Ayuma miaka ile ya tisini! Jirani yangu ukuta kwa ukuta hapa Makongeni, mke wa Luseno wa reli. Jumapili kanisa likitoka kuandamana, ngoma kubwa ilikuwa kifuani mwake, na hata walevi wa Jogoo Road walijikuta wanaenda na mdundo. Nikizikumbuka siku hizo roho inaniuma.

Kisha akaanza kuyumba. Wakasema anakunywa chang'aa. Nikagombana na watu pale bombani mpaka sauti ikakauka. Jicho likafifia, miguu ikafa ganzi. Hospitali wakamtuma kwa daktari wa macho, wakamtuma kwa wa akili, na ng'ombe wa kwao Vihiga wakauzwa, wakaishia kwenye vipimo. Mume wangu Kilonzo, mchongaji, akamtengenezea mkongojo.

Ghafla akapata nafuu! Akatoa ushuhuda kanisani kwamba amepona, akaukabidhi mkongojo, mchungaji akautundika ukutani watu wauone. Tulilia kwa furaha. Ngoma ikarudi kifuani.

Mwaka uliofuata ugonjwa ukarudi. Hapo ndipo daktari mmoja alipoutaja: multiple sclerosis. Kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu yenyewe. Ugonjwa huenda, hurudi, na mara nyingi ukirudi huacha hasara. Dawa za kuutuliza, akasema, ziko ng'ambo.

Ayuma akajifungia. "Mbeti dada yangu, nikiuomba ule mkongojo watasema nilimsingizia Mungu."

"Kilonzo akuchongee mwingine."

"Si ni yale yale? Wataniona."

Basi akawa anaenda choo cha nje akijishikilia kuta, hadi siku nilipomkuta ameanguka njiani, leso imelowa, anaficha uso. Wacha nishikwe na hasira!

Jumapili, katikati ya wimbo, nikaenda mbele nikauangua ule mkongojo.

"Mama Nzivo, huo ni ushuhuda," mchungaji akaniambia.

"Ushuhuda gani, na mwenyewe anatambaa kwenda choo?"

Mchungaji akainamisha kichwa, akanipisha.

Nilipomfikishia, Ayuma alilia, akanigombeza, kisha akaushika. Maandamano yalipopita alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo ngoma inakimbia," akanung'unika.

Akaanza kugonga kizingiti kwa mkongojo, polepole, mdundo wake wa zamani. Mpiga ngoma mpya akageuka, akamwona, akaufuata. Kanisa zima likapita mbele ya mlango wake kwa mwendo wa Ayuma.