Darubini Juu ya Paa la Jirani

Mama yangu akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani, hujibu haraka, "Yuko mazingira," kisha hugeuza maneno akauliza bei ya samaki. Hasemi uongo. Mazingira ndiyo niliyoyasomea chuoni Tunguu, na mazingira ndiyo yanayonilipa mshahara. Lakini neno hilo ni pana kama shuka, na lililofunikwa chini yake ni kwamba mwanawe huhesabu kunguru.

Sikupanga hivyo. Nilipokuwa chuoni nilijiona msituni, nikifuata nyayo za paa nunga, mnyama adimu ambaye hata wasasi wa zamani humtaja kwa heshima. Wenzangu wakapata msitu au pwani. Mmoja alikwenda Kendwa, akawa anawaeleza wageni habari za kasa, na kila akija mjini huja na miwani ya jua na cheko la mtu aliyefanikiwa. Mimi nikapata mradi wa kunguru. Hawa kunguru wetu wa mjini si wenyeji, waliletwa zamani kutoka Bara Hindi ili wale taka, wakala taka, wakamaliza na mayai ya ndege wetu na makinda yao. Anayetaka ndege wadogo warudi lazima ajue kunguru wako wangapi na wanatagia wapi. Ni kazi ya maana, naamini hivyo hadi leo. Tatizo ni kwamba hakuna namna ya kuifanya ukaonekana mtu wa maana.

Asubuhi nilikuwa nasimama penye jaa, nyuma ya wauza samaki wa Malindi, shati limepigwa pasi na darubini shingoni. Wachukuzi wa bandarini, wengine nimecheza nao mpira utotoni, walinipita na mikokoteni yao. "Mtaalamu! Wameamkaje kunguru wako leo?" Nilicheka pamoja nao. Masikio yalikuwa yananiwaka moto.

Na kunguru hasahau uso wa mtu. Nilipokwisha kupanda miti michache ya mikungu kuchungulia viota, wakanijua. Ijumaa moja natoka nyumbani na kanzu nyeupe, nao wakanifuata kutoka waya hadi waya wakinizomea mpaka mlangoni mwa msikiti. Wazee waliokuwa wakivua viatu wakainua vichwa. "Tumezowea kusema kunguru hafugiki," mmoja akasema, "lakini huyu kijana naona kafugwa na kunguru." Watu wakacheka, na kabla hawajamaliza kucheka nikadondoshewa kinyesi begani. Kanzu imeshanajisika, nikarudi nyumbani kubadilisha, hotuba ikanipita. Mama aliifua kanzu ile bila kunambia neno. Afadhali angenitukana.

Sasa, katika Mji Mkongwe kupanda juu kuna adabu yake. Nyumba zimebanana, ua wa huyu uko chini ya dirisha la yule, na juu ya mapaa ndiko wanawake wanakopunga hewa bila ya buibui. Kwa hiyo mkwezi, kabla hajaukumbatia mnazi, hupaza sauti: "Hodi jamani! Napanda!" Wanawake wa jirani hujifunika au huingia ndani, ndipo apande. Fundi wa paa hufanya vivyo hivyo, na fundi wa matangi ya maji pia. Anayeonekana juu bila ya kupiga hodi ni mwizi au ni mchunguliaji. Watu hawamfikirii kuwa kitu kingine.

Mwanzoni nilipiga hodi kama nilivyolelewa. Lakini kila nilipopaza sauti, kunguru wote huruka, na nikifika juu nakuta viota vitupu. Msimamizi wangu, mwanamke kutoka bara, mpole na makini sana, akaniuliza mbona viota vyangu havina ndege. Ningemweleza habari ya hodi angeielewa, nina hakika. Nikaona haya. Nilichelea ataniona mshamba, mtu aliyesoma mpaka akapata shahada na bado anapiga kelele kama mkwezi. Nikaacha kupiga hodi. Nikawa napanda kimya jua likichomoza, nikijiambia kuwa saa hizo hakuna mtu juu. Hesabu zikawa nzuri, naye akanisifu mbele ya wenzangu.

Mkabala na kwetu ipo nyumba ndogo ya wageni, na mwenyewe alinipa ruhusa kutumia paa lake. Kutoka pale niliona kiota kilichosukwa kwa nyaya kwenye tangi la maji la jirani yetu. Jirani huyu ni mjane, shoga wa mama tangu ujana wao. Mama aliponizaa akashikwa na homa kali, yeye ndiye aliyeninyonyesha pamoja na mtoto wake. Kwa hivyo ni mama yangu wa ziwa, na mimi humwita mama.

Asubuhi ile nilimuona kunguru amelalia mayai. Nikafurahi, nikashusha darubini kidogo nione kiota kimeshikizwa wapi. Chini ya tangi alikuwa amekaa jirani yetu juu ya kibao, kanga mapajani, anaota jua. Kichwa kilikuwa wazi. Hakikuwa na unywele hata mmoja, ni kidogo na laini kama cha kitoto kilichonyolewa.

Nilielewa papo hapo: kichwa cha namna ile ni cha mtu anayepewa dawa za saratani. Alikuwa na safari za boti kwenda Dar, tukiambiwa anatibiwa macho. Mama alikuwa akimtania, "Macho gani hayo yasiyovaa miwani?" naye hucheka tu. Nilipokuwa bado sijaondoa darubini usoni, akainua kichwa akaniona. Hakupiga kelele. Alipapasa kuitafuta kanga, ikamdondoka. Akainama akaiokota, akajitanda. Wakati huohuo akatokeza ngazini mpwa wake anayeishi naye, binti wa kaka yake, kabeba beseni la nguo. Yeye alichokiona ni mwanamume juu ya paa la mkabala, darubini imeelekezwa kwao. Ukelele alioupiga uliwaamsha hata wageni.

Binti huyo alikuwa ameposwa. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulishajua kuwa namchungulia mchumba wa mtu, na kwamba kunguru ni kisingizio tu.

"Nakuuliza, unijibu kama mtu aliyelelewa," mama akasema, hata buibui hajalivua. "Ulikuwa unaangalia nini?"

"Kunguru, mama."

"Kunguru!" Akapiga makofi. "Nshasema yuko mazingira. Nshaficha, nshajifanya sijui. Mimi nnakutafutia mke, wewe unatafuta mayai ya kunguru, nikanyamaza. Leo kunguru kavaa kanga?"

Ningesema sikumuona binti, ningeulizwa nilimuona nani. Ningemtaja jirani, ingefuata: akifanya nini, yukoje, mbona umebadilika uso? Kidini sikuwa na kosa kumuona kichwa wazi, mimi ni mwanawe wa ziwa. Lakini alikuwa ameficha ugonjwa wake hata kwa mama, anayeingia kwake bila kubisha mlango, na mimi nilikuwa nimeuvuta karibu kwa kioo. Nikaapa moyoni kuwa neno halitanitoka.

Upande wa mchumba wakaanza kuuliza maswali. Baba wa binti, kaka yake jirani, ninayemwita mjomba, akaleta salamu kuwa atafika kwetu alasiri ya siku ya pili kuzungumza na mimi mbele ya mama yangu. Nilijua nikikosa jibu la maana, posa itavunjika kwa sababu yangu, na mimi katika mtaa ule nitaitwa mchunguliaji mpaka nizikwe.

Asubuhi ya siku ile nilikwenda kwa jirani. Nilibisha hodi, akanikaribisha. Alikuwa anachambua mchele, kajitanda vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako."

Sikukaa. Nikamwambia, "Leo alasiri mjomba anakuja kwetu. Kwa ile habari."

"Nshasikia."

Nikabaki nimesimama, natazama mchele. "Basi. Nilikuwa nakuarifu tu."

Aliacha kuchambua, akanitazama. "Nimekufahamu," akasema.

Nilitoka nikijipa moyo kwamba sikuomba chochote. Ni kweli, sikuomba. Nilitembea mpaka bandarini na kurudi nikirudia neno hilo, na kila nikilirudia nazidi kuona haya, kwa kuwa mtu asiyeomba kitu hana haja ya kujiapia hivyo.

Alasiri mjomba akaja. Ni mtu wa maneno machache, na hakuja kugombana. Alikunywa kahawa, akamuuliza mama hali, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mimi nakujua tangu unatambaa. Umesema ulikuwa unaangalia kunguru, nami nataka nikuamini. Nambie tu, ulipoelekeza chombo chako kwetu, ulimuona nani?"

"Binti sikumuona, mjomba. Wallahi."

"Basi ulimuona nani?"

Alingoja. Nikatazama mkeka.

"Kimya nacho ni jibu," mjomba akasema taratibu, kwa masikitiko hasa.

Ndipo mama akaanza. Mama yangu, ambaye sijamuona akimpigia mtu magoti, akasogea ukingoni mwa kiti. "Nisamehe mimi. Usimlaumu yeye, mimi ndiye niliyemlea. Baba yake kafa mapema, pengine kuna mahali nilikosea." Aliyasema hayo huku anapinda ncha ya kanga yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Na bado, hata wakati ule, sikio langu moja lilikuwa mlangoni.

Jirani aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Akaamkiana na mama, akakaa karibu naye.

"Mnataka aseme alimuona nani," akamwambia kaka yake. "Aliniona mimi. Alinikuta hivi."

Akaivuta kanga kichwani, akaishusha mapajani.

Mwanga wa dirishani ulimpiga kichwani moja kwa moja. Mjomba alifumba macho, akafumbua. Mama alinyoosha mkono kama atakayemgusa, akaurudisha.

"Na macho?" mama akauliza.

"Macho yangu mazima. Ni ziwa. Nshakatwa, na dawa nnaendelea nazo."

"Ukanificha mimi? Mimi?"

"Ningekwambia ungelia, shoga yangu, na mimi sikuwa na nguvu ya kukubembeleza." Kisha akamgeukia kaka yake. "Mtoto alinyamaza kwa kunisitiri. Waambie watu wa posa hivyo. Waambie na sababu, kama hawataamini bila ya sababu."

Mama akaanza kulia, na mwenzake akamwekea mkono mgongoni, akawa yeye, mgonjwa, ndiye anayembembeleza.

Mjomba akainuka. Macho yalikuwa yamemwiva. Akanijia, akaninyooshea mikono yote miwili. "Nimekukosea, mwanangu. Wewe ni mtu muungwana. Rudi kazini kwako, na atakayekusema aje aniulize mimi."

Nilisimama nikampa mikono. Nilikuwa nimebeba mzigo tangu asubuhi ile juu ya paa, na pale pale ukanishuka. Nikauona mtaa, nikajiona napita kwa wachukuzi bila kuinamisha kichwa, nikamuona hata msimamizi wangu. Nikasema, "Usijali, mjomba, yamekwisha," nikatabasamu, tabasamu la kweli lililonitoka bila kulilazimisha. Nilipogeuza uso nikakutana na macho ya mama yangu wa ziwa. Mama bado analia begani mwake, na yeye amekaa kichwa wazi, kanga mapajani, ananitazama nilivyofurahi.